Ukuta wa Bi Mwanaisha

Nyundo ilikuwa ya ratili kumi na nne, na kutoka kwa mzee Feliciano, mwenye nyundo, mpaka kwa Ismaili si mbali, ni nyumba tatu tu. Lakini Ismaili aliipitisha njia ya dukani, akazunguka msikiti, akatokea kisimani, ili Ufukoni nzima imwone mwanamume akirudi kwake na nyundo begani. Kwa bahati mbaya ulikuwa msimu wa korosho, mwaka 1972, na Ufukoni nzima ilikuwa mashambani. Waliomwona ni mbuzi wawili na mwenye duka, na mwenye duka mwenyewe alikuwa anasinzia.

Alikuwa amedhamiria kuvunja ukuta. Ijumaa ya wiki ile shemeji yake Mwajuma, mdogo wa mkewe, angeolewa, na sebule ya nyumba ile haikuwa sebule bali kichochoro chenye viti. Wageni wanane wakikaa, wa tisa anabaki mlangoni, mguu ndani mguu nje. Nyuma ya sebule kulikuwa na stoo ya mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, ya magunia na majembe. Ukuta wa katikati ukiondoka, watu ishirini wangekaa na sinia zao wakala wakashiba. Wazo lilikuwa zuri, na lilikuwa lake mwenyewe. Ila nyumba ilikuwa ya Bi Mwanaisha, kama ilivyo kwao: mwanamume akioa huhamia kwa mama wa mkewe, akalima shamba lake, akaezeka paa lake, na akanyamaza.

Na huko kunyamaza si kwa mzaha. Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, mpaka siku mama mwenyewe atakapoamua kumfungulia kinywa, yaani kumsemesha ana kwa ana kwa jina lake. Wengi hufunguliwa anapozaliwa mtoto wa kwanza. Mkwe huleta jogoo na doti ya kanga, mama humwita jina, watu hula pilau, basi, yamekwisha. Ismaili naye alileta jogoo, tena kutoka kwao Kitaya, amemning'iniza kwenye baiskeli kichwa chini, jua la saa saba. Kufika Ufukoni, jogoo alikuwa marehemu wa siku nyingi. Mtu mwingine angerudi akatafute wa pili. Ismaili akamkabidhi hivyo hivyo. Bi Mwanaisha akamtuma binti yake Zuhura amwambie mumewe kwamba kinywa kitafunguliwa siku jogoo yule atakapowika.

Hayo yalitokea miaka saba nyuma. Miaka saba, jamani, ndani ya nyumba ya vyumba vinne! Zuhura akiwapo, maneno yalipitia kwa Zuhura. Zuhura asipokuwapo, yalipitia kwa kuku. Bi Mwanaisha angesimama uani awaambie kuku kwamba chumvi imekwisha, na Ismaili aliyekaa barazani angenyanyuka kwenda dukani, na akirudi angewaarifu kuku kwamba chumvi iko juu ya kinu. Kuku wa nyumba ile walikuwa na habari nyingi kuliko balozi wa nyumba kumi.

Ismaili alikuwa kuli wa bandarini. Alikuwa na mabega ya kubeba magunia mawili ya korosho kwa mara moja, na watu wa zamu yake walimwogopa. Lakini akisikia kikohozi cha mkwewe alijibanza kwenye pembe kama aliyekutwa na kitu cha watu mfukoni. Hayo yote angeyavumilia. Kilichomuuma ni kwamba alitaka kuitwa jina lake na yule mama, mara moja tu, ajue kuwa anahesabiwa katika nyumba ile. Siku moja alimwambia Feliciano, "Mzee, hata paka wa pale kwetu ana jina."

Kisha akatokea huyo bwana harusi. Mohamedi alikuwa karani katika kituo cha utafiti wa korosho Naliendele, kijana wa miwani na soksi, na hata kabla ya kuoa alikwisha kumletea Bi Mwanaisha chupa ya chai ya maua na kilo tano za sukari. Ikasemwa, na aliyeisema ni Bi Mwanaisha kupitia Zuhura, kwamba karani atafunguliwa kinywa siku ile ile ya harusi. Jumatatu Mohamedi alikuja, akaitazama sebule kutoka mlangoni, akasema Alhamisi ataleta fundi kutoka mjini auvunje ukuta ule, gharama juu yake, mwanyumba wake, yaani Ismaili aliyeoa dada mtu, asijisumbue. Ismaili alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Akaamua kwamba kabla ya Alhamisi kuna Jumatano.

Zuhura aliondoka Jumatatu ile ile na watoto kwenda Msimbati kualika ndugu. Alipokuwa akifunga mzigo wake alimwambia mumewe asiuguse ukuta mpaka arudi. Ismaili akauliza kwa nini. Zuhura akatazama pembeni, akasema asiuguse tu. Asingeweza kusema zaidi. Tangu masika chumba cha mama yake kilikuwa kinavuja, na mama alihamishia kitanda stoo, magunia akayapeleka chumbani kwake. Na mahali anapolala mama si jambo ambalo mke humweleza mumewe, hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo kwa miezi sita Bi Mwanaisha alilala nyuma ya ukuta wa sebule, na Ismaili, ambaye aliingilia mlango wa mbele na hakuwahi kukanyaga vyumba vya upande wa uani, hakujua lolote.

Feliciano, wakati anamkabidhi nyundo, alimpa na maneno mawili. Yule mzee alikuwa mwashi wa mawe ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka walipovuka mto kukimbia vita, wenzake walivuka na watoto na vyungu, yeye alivuka na nyundo, na mkewe Laurinda hajamsamehe mpaka leo. Sasa alikuwa na mshipa wa ngiri, hanyanyui kitu kizito. Alimwambia Ismaili kwamba nyumba ile ni ya miti na udongo, saruji ya juu ni shati tu. Ukuta wa namna hiyo hufunguliwa polepole kwa panga na mtaimbo, unakata kamba, unatoa fito, na nyundo kubwa ni ya mawe. La pili, alisema, kabla hujapiga ukuta nenda kwanza upande wa pili ukatazame kuna nini. Ismaili alicheka. Aende upande wa pili, kwenye vitu vya mama mkwe? Mzee alitaka auawe?

*

Jumatano asubuhi alisikia mlango wa uani ukilia, akajua Bi Mwanaisha amekwenda shambani kuokota korosho kama kila siku. Sivyo. Goti lilikuwa limemvimba, na alikuwa ametoka chooni tu, amerudi kulala. Ismaili akatoa viti nje, akavua shati, akatema mate viganjani.

Pigo la kwanza lilikuwa tamu, sikufichi. Saruji iliruka vipande, nyundo ikamrudia mikononi, na nyumba nzima ikatikisika kuanzia msingi mpaka makuti. Vumbi likajaa. Ismaili alijisikia mwanamume kuliko siku zote za maisha yake, na akasikitika kwamba karani hayupo kuona. Asichokiona yeye ni boriti iliyopita juu ya ukuta ule, ambayo ilishuka upana wa vidole viwili. Na mlango wa stoo, ule wa kutokea uani, ukabanwa na fremu yake ukakwama.

Akiwa amenyanyua nyundo kwa pigo la pili, akasikia sauti ya Bi Mwanaisha. Sauti iliwaambia kuku kwamba huyo anayegonga angoje kwanza, mwenye nyumba atoke. Ismaili akashtuka, kumbe mama hajaenda shamba. Akadhani yuko uani anapisha vumbi. Akaishusha nyundo, akawaambia kuku kwa heshima zote kwamba atangoja. Akaketi chini, akaanza kuhesabu mpaka mia tatu, kwa kuwa aliona mia moja ni kidogo kwa mtu mzima.

Ndani ya stoo Bi Mwanaisha alikuwa akisukuma mlango. Aliusukuma kwa mikono, akausukuma kwa bega, akausukuma kwa mahali alikojaliwa zaidi, na haukwenda. Angepiga kelele kwamba amekwama. Lakini kupiga kelele ni kumwambia mkwe wako kwamba uko kitandani kwako, kichwa wazi, goti limefungwa majani ya mnyonyo. Afadhali ukuta umwangukie. Akawaambia kuku tena, kwa sauti ndogo, kwamba mtu angoje kidogo zaidi, akarudi kitandani kwenye mhogo wake. Kuku walikuwa uani wanaparura, na Ismaili alikuwa amefika mia mbili tisini na saba.

Pigo la pili lilitua mahali ambapo mchwa walikuwa wanakula tangu mwaka wa uhuru. Nyundo ilipita, mpini ukafuata, na mkono wa Ismaili ukaingia mpaka begani. Alipojichomoa, palibaki tundu la ukubwa wa ungo. Akangoja vumbi litulie aone magunia.

Aliona kitanda. Juu ya kitanda aliketi Bi Mwanaisha, nywele nyeupe ziko wazi, mguu mmoja umenyooshwa, kipande cha mhogo mdomoni. Wakatazamana. Katika miaka saba Ismaili hakuwahi kuuona uso ule, na jambo la kwanza lililomjia kichwani, Mungu amsamehe, ni kwamba Zuhura akizeeka atakuwa mzuri. Halafu akili ikamrudia. Akaitupa nyundo, akafunika macho kwa mikono yote miwili, na kwa sababu alikuwa amefunika macho, akajigonga mlangoni kabla ya kupata njia ya kukimbilia.

*

Feliciano alimkuta kwenye mihogo kando ya nyumba, amechuchumaa, uso amezamisha magotini. Mzee alikuwa amesikia mapigo mawili na ukimya, na ukimya ndio uliomtoa nyumbani. Ismaili akamweleza kwamba amemwona mama. Si kivuli, si mgongo. Amemwona uso, kichwa wazi, anatafuna. Sasa mjomba wa akina Zuhura ataitwa, na mjomba atasema Ismaili arudi kwao, na watoto watabaki huku kwa mama yao kama ilivyo desturi. Afadhali aondoke mwenyewe kabla ya kufukuzwa. Alikuwa analia, tena kwa sauti, mtu mzima wa mabega yale. Feliciano akamshika bega.

Wakati huo huo Mohamedi akafika na baiskeli, mkononi ana futi kamba, amekuja kupima kazi ya fundi wake. Akataka kujua kuna nini. Kabla hajajibiwa, ndani ya nyumba boriti ikalia, mlio mrefu, mkavu.

Feliciano akaingia, yeye jirani hana mwiko. Akachungulia tunduni, akamwamkia Bi Mwanaisha, akamuuliza hali. Bi Mwanaisha, ambaye sasa alikuwa amejifunika kanga mpaka puani, akajibu kwamba ni mzima, ila mlango umekwama na mchanga unamwangukia. Mzee akazunguka uani akaujaribu mlango, ukawa kama umejengwa. Akarudi kutazama juu. Miti iliyobeba boriti ilikuwa imebaki maganda, ndani unga mtupu. Boriti ikienda, inakwenda na paa. Akakimbilia gogo lililokuwa barazani, akaliburuta huku ameshika mshipa wake, akalisimamisha chini ya boriti na kulikumbatia kwa mikono miwili.

Kutoka pale akaita. Tundu lazima lishuke mpaka chini, sasa hivi, mama apite. Mtu wa kupiga nyundo anatakiwa.

Mohamedi alikuwa mlangoni. Aliposikia Bi Mwanaisha yuko ndani na tundu linatazamana na mlango, aligeuka haraka akaelekea barabarani, akavua na miwani ili awe na uhakika zaidi. Akasema yeye naye ni mkwe, au karibu mkwe, kadi zimekwisha kutumwa, hawezi kulitia doa jambo la Ijumaa. Feliciano akamuuliza basi kama anaweza kupiga nyundo kinyumenyume. Karani akajibu, bila utani wowote, kwamba hajawahi kujaribu.

Akabaki Ismaili. Alikuja mpaka kizingitini, amefumba macho, akasema kosa moja linamtosha, hawezi kumtazama mama mara ya pili. Mwanamume yule angeweza kuliinua paa peke yake, lakini kope hazikunyanyuka. Boriti ikalia tena. Ndipo akapapasa kamba ya nguo, akachukua kanga ya mkewe, akajifunga usoni mizunguko miwili na fundo nyuma. Akainama, akaitafuta nyundo kwa viganja mpaka akaipata.

"Nielekeze, mzee," alisema.

Feliciano alikuwa amefanya kazi ya uashi miaka thelathini, na hakuna siku alijiona mjinga kama siku ile. Akamwambia asogee mbele, kushoto, chini kidogo. Ismaili akapiga. Fremu ya mlango wa mbele ikapasuka, na Mohamedi akaruka mpaka barabarani. Mzee akasema kushoto, kushoto si huko. Ismaili akageuka akapiga tena, kikavunjika kiti pekee kilichokuwa kimesahaulika ndani. La tatu likaligonga gogo. Feliciano akaruka nalo, akalishika tena, lakini boriti ilikuwa imeshuka kiganja kizima, na donge la udongo likaangukia mto wa Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha aliyaona yote kutoka kitandani. Kupitia lile tundu alimwona mwanamume mpana, kifua wazi, uso amefungwa kanga ya binti yake, akizungukazunguka akitafuta ukuta kwa ncha ya mguu. Akamwona anasimama. Akamwona ananyanyua ratili kumi na nne juu ya kichwa, na alipopima aliona kwamba zinakuja moja kwa moja kwenye paji la uso wake. Akatafuta kuku. Hapakuwa na kuku. Mzee Feliciano alikuwa amebanwa pumzi na gogo, hana hata sauti. Hasira ikampanda, hasira ya miaka mingi, na haya ikamtoka yote.

"Ismaili," alisema. "Fungua macho, baba, utaniua."

Nyundo ilibaki juu. Ilikaa huko muda mrefu, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka.

"Mimi?" Ismaili aliuliza chini ya kanga.

"Kuna Ismaili mwingine hapo?"

Akaishusha nyundo taratibu mpaka sakafuni. Akafungua fundo. Mwanga ulimuumiza macho, kisha akamwona mkwewe, na mkwewe akamwona, na mbingu haikuanguka, ingawa paa lilikuwa linajaribu. Bi Mwanaisha akamwambia, kwa sauti ya kumwelekeza mtu mahali pa kuweka kuni, kwamba apige pale chini, kwenye ule mti mweusi, si juu, na aache kutetemeka.

Akapiga pale chini. Mapigo manne, kila moja mahali lilipoambiwa, na miti ikatoka kama meno ya mzee. La tano hakulipiga. Alivunja fito kwa mikono na kusogeza udongo kwa miguu mpaka ikapatikana njia. Goti la Bi Mwanaisha halikubali kusimama. Ismaili akataka kumpa mkono, akaurudisha, akageuza nyundo akamnyooshea mpini. Bi Mwanaisha akaushika, akavutwa polepole, akapita juu ya kifusi na shuka lake na majani yake ya mnyonyo mpaka barazani. Feliciano akaliachia gogo akawakimbilia. Nyuma yao boriti ikashuka, nusu ya ukuta ikaifuata, na pande la makuti likalala juu ya kitanda, pale pale alipokuwa ameketi.

Mohamedi, bado ameelekea barabarani, aliuliza kama sasa anaweza kugeuka. Watu walisahau kumjibu.

*

Bi Mwanaisha alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vilivyotolewa nje asubuhi. Ismaili alisimama mbele yake na vumbi mwili mzima, macho chini. Alikuwa amekwisha kufunga safari moyoni. Kitaya ni mwendo wa siku, na baiskeli ilikuwa na pancha. Alijua anachostahili kuambiwa, alitaka tu kiambiwe upesi, na kama ni kufukuzwa, basi angalau afukuzwe na mdomo wake mwenyewe, si wa mjomba.

"Kaa," alisema Bi Mwanaisha.

Akakaa chini.

"Ismaili. Mwaka ule wa kwanza ulipolima mpaka wa kule Naliendele, uliacha hatua sita zikaenda kwa jirani. Sita. Nilizihesabu mwenyewe."

Akaanzia hapo. Kutoka mpakani akaenda kwenye beberu aliyeuzwa bila yeye kuulizwa. Kutoka kwa beberu akafika kwenye kupenga kamasi alfajiri kama honi ya meli. Akaeleza jinsi alivyosahauliwa kupelekewa samaki Idi ya mwaka wa pili, na alivyosikia, kupitia ukuta huo huo, mtu akiigiza sauti yake kwa Feliciano na wote wawili wakicheka. Feliciano, aliposikia jina lake, alikumbuka kazi nyumbani kwake. Bi Mwanaisha hakumzuia. Hakupaza sauti wala hakuwa na haraka, na kila shauri jipya alilianza kwa jina la mwenye kosa. Ismaili alianza kuhesabu ni mara ngapi ameitwa, akafika arobaini, ikampotea. Kwa kila kosa alijibu ndiyo, mama. Machozi yalimtiririka kwenye vumbi la mashavu, na hakuyafuta, kwa kuwa alikuwa na furaha na hakutaka kukosa neno.

Adhuhuri Zuhura akarudi kutoka Msimbati, mtoto mgongoni, wawili nyuma, kapu la pweza kichwani. Aliona paa limeingia stoo. Aliona fremu ya mlango imepasuka na karani wa Naliendele amesimama barabarani amewapa mgongo, miwani mkononi. Barazani alimwona mumewe, kifua wazi, ameketi chini mbele ya mama yake, na mama yake amemkazia macho, hesabu ya makosa imefika mwaka wa tatu. Kapu lilidondoka kutoka kichwani. Akafungua kinywa kuuliza.

Ismaili alinyanyua kiganja bila kugeuka.

"Ngoja kidogo, mke wangu," alisema. "Mama anaongea na mimi."